Mlainishaji wa Maswali

Nchi yetu haina matajiri. Nalisema hili mapema nisije nikaeleweka vibaya, maana kuna watu wanaosoma huku wakitafuta makosa. Neno hilo lilifutwa na Bunge zamani, likawekwa neno Mneemeka, yaani mtu aliyeneemeka mwenyewe tu bila kumsumbua yeyote. Kwa hiyo kwetu kuna Waneemeka, kuna wananchi, na katikati tupo sisi watumishi wa serikali tunaohakikisha kwamba makundi hayo mawili hayagongani.

Mimi naitwa Lubango, na kazi yangu ni Mlainishaji wa Maswali. Naona unacheka. Cheka tu, lakini kazi hii ina mafunzo yake na sare yake. Kwa mujibu wa sheria, swali lolote linalokwenda kwa Mneemeka au kwa ofisa wa serikali ni lazima lipite kwanza kwa Mlainishaji, alikague, alitoe miiba, ndipo alifikishe. Mwandishi wa habari akitaka kumwuliza waziri fedha za daraja zimekwenda wapi, mimi namwuliza waziri kama safari yake ilikuwa njema. Waziri anajibu ilikuwa njema, mwandishi anaandika, na nchi inalala salama. Naambiwa kabla ya ofisi yetu kuanzishwa wakubwa walikuwa wanapandwa na presha ovyo ovyo, tena mbele ya watoto wao.

Basi, kisa chenyewe ni hiki.

Tulikuwa na faru mmoja. Zamani walikuwepo wengi, wakapungua kwa sababu ambazo bado hazijaidhinishwa. Huyu wa mwisho alikuwa jike, mzee, macho hayaoni vizuri, na Serikali ilimpenda mno. Ilimpa jina la Subira na cheo cha Brigedia. Ilimpa mshahara, posho ya mazingira magumu, na kikosi cha walinzi wenye bunduki chini ya Wizara ya Wanyama na Ukarimu. Kila sikukuu ya taifa watoto wa shule walipelekwa kumpigia saluti juani, naye akawa anawatazama kwa subira kama jina lake.

Aliyekuwa akimlisha, akimmwagia maji na kumtoa kupe masikioni alikuwa askari wa kawaida wa wanyamapori, Sefania Chikoti. Nasikia alikuwa anamsimulia mambo yake kila asubuhi, na yule faru anamwelekezea sikio. Siku moja wakubwa wa kikosi walimtuma mjini akachukue mshahara wa Brigedia, kazi ambayo haikuwa yake hata kidogo. Aliporudi alimkuta Subira amelala ubavu, uso umekatwa kwa shoka, pembe hakuna, na walinzi wote wameenda kula chakula cha mchana. Akapiga simu makao makuu huku analia.

Hapo ndipo alipokosea. Sheria yetu ni nyepesi, haina mizunguko: anayetoa taarifa ya uhalifu ndiye mshukiwa wa kwanza, kwa sababu kama hakuhusika, amejuaje? Sheria hiyo imepunguza uhalifu nchini kwa kiasi cha ajabu. Siku hizi unaweza kukaa mwaka mzima usisikie mtu ameripoti hata kuibiwa kuku.

Sefania akahukumiwa kunyongwa. Mahakama ikaagiza anyongwe siku ya mazishi ya kitaifa ya Brigedia, kisha azikwe miguuni pake, kwa kuwa si heshima afisa wa cheo kile kusafiri bila mtumishi. Mwili wa Brigedia ukawekwa kwenye ghala la barafu la kiwanda cha samaki, na mafundi wa meli wakaanza kuchonga jeneza.

*

Wafadhili ndio waliotuharibia utaratibu. Walisimamisha msaada, wakasema kumnyonga askari mmoja hakuwaambii kitu. Wao wanataka kujua ni nani ananunua vitu hivi, nani anakula, nani anakunywa, na kwa nini. Walitaka waone mnyororo mzima, kutoka porini hadi mezani.

Waziri wetu wa Wanyama na Ukarimu, Mheshimiwa Tumbika Kolongo, hakutetereka. Alipanda jukwaani amevaa koti lenye kola ya manyoya, joto lile, akahutubia taifa.

“Ndugu wananchi,” alisema, “Serikali yenu haina cha kuficha, na kile kidogo ilicho nacho imekificha vizuri. Leo naunda Tume ya Kuwahoji Waneemeka Kuhusu Ladha Zao. Tutawahoji kwa ujasiri, kwa uwazi, na kwa miadi. Na Mneemeka yeyote atakayetaja, mbele ya ofisa wa serikali, mtu aliyemletea pembe ya Brigedia wetu, basi kijana Sefania ataachiwa siku hiyohiyo. Mazishi yatasubiri hadi Tume imalize kazi.”

Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, nasema kweli, kwa sababu hotuba nzima haikuwa na swali hata moja.

Wafadhili wakaongeza sharti: mwathirika ashirikishwe. Ofisini tulihangaika sana kumtafuta mwathirika. Faru asingeweza kuhudhuria vikao. Mwisho karani mmoja akakumbuka kwamba mfungwa ana dada, Nuruana Chikoti, mwalimu wa takwimu chuoni, mtu wa kuhoji watu kwa taaluma kabisa. Waziri akamteua kuwa Mhoji Mkuu. Kuna walioshangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu kila mtu mwingine aliyeombwa alikuwa ameugua ghafla. Halafu, kama Waziri alivyotueleza faraghani, mwanamke huyu asipopata jina, hakuna atakayesema hakujitahidi.

Mimi nikapangwa kuwa Mlainishaji wake.

*

Alikuwa mwembamba, mrefu, uso hauna mchezo. Siku ya kwanza nilimweleza taratibu zote kwa upole, akanisikiliza bila kutikisa kichwa, jambo ambalo kwa kweli liliniudhi. Nilipomaliza alisema, “Bwana Lubango, mimi nahitaji jina moja tu. Nikilipata, mdogo wangu anatoka. Nisipolipata, wanamfukia chini ya miguu ya mnyama aliyemlea mwenyewe. Sina jambo jingine, na nakuomba usinicheleweshe kwa maneno mazuri.”

Nikamjibu kwamba maneno mazuri hayamcheleweshi mtu. Kisha nikamweleza kuhusu Kanuni ya Ukarimu, maana bila hiyo Tume isingefika popote. Kwetu mahojiano makavu ni batili. Mgeni akiingia nyumba ya mtu ni lazima ale na anywe kilichowekwa mbele yake ndipo aulize. Asipokula, hata akiambiwa siri za mbinguni, mahakama haizitambui. Ni desturi ya babu zetu, tena nzuri sana. Iliingizwa kwenye sheria wakati watu bado wanakaribishana uji.

Akauliza, je, kama kilichowekwa mezani ndicho chenyewe kinachochunguzwa?

Nilimwambia kanuni haikuwaza hilo. Nikamwambia pia kwamba inaruhusu mwakilishi. Akasema yeye hatagusa chochote. Basi mimi, kwa mapenzi yangu kwa nchi, nikajitolea kula kwa niaba yake.

*

Tulianza na Mneemeka Bi Salvatora Kidunda, mwenye machimbo ya mawe. Tulikaribishwa sebuleni, miguu yetu juu ya ngozi ya chui ambaye kichwa chake kilikuwa bado kimekaza meno. Meza ilikuwa imeandaliwa supu ya kakakuona. Magamba yake yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa bakuli kwa ustadi mkubwa, mpaka nikaona huruma kuyachafua.

Nuruana akaniinamia, akanong’ona: mwulize amemnunua kwa nani huyu kakakuona.

Nikalichukua swali lile, nikaligeuzageuza, nikamwuliza Bi Salvatora mpishi wake amejifunzia wapi. Mama wa watu akafurahi. Alizungumza kuhusu wapishi hadi supu ikapoa, jinsi wanavyoiba sukari, jinsi wa sasa hawana adabu kama wa zamani. Akafika mahali akalia. Nuruana akaninong’oneza tena, safari hii kwa ukali: basi mwulize kwa nini anawapa wageni kakakuona. Hilo nililipitisha karibu lilivyo, kwa sababu lilikuwa na wageni ndani yake.

Bi Salvatora alijibu kwa moyo wote. Wageni wake, alisema, wameshakula kila kitu. Kuku wamekula wakiwa maskini, kamba kochi wamekula hadi wanawatupia mbwa. Leo ukimwekea mtu mzima mbuzi, anatoka kwako anatangaza umefilisika. Ladha yenyewe haimshughulishi hata yeye, tena tumbo humsumbua wiki nzima. Ila anapowaona wageni wake wakitazama bakuli na kunyamaza, ndipo anajua bado yupo.

Supu niliimaliza. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Wa pili alikuwa Mneemeka Mzee Bwijo, Mwenyekiti wa Chama cha Marafiki wa Wanyama. Kuta zake zilijaa tuzo alizojitunuku. Tulimkuta amelaza miguu juu ya stuli, kijakazi anamkanda magoti kwa mafuta ya simba. Akatueleza bila kuulizwa kwamba yeye anawapenda wanyama kiasi kwamba hapendi wabaki mbali naye, anataka wawe ndani yake kabisa. Nikapewa nyama iliyokaushwa ambayo jina lake sikulitafuta, nikaila. Nikapakwa na mafuta kidogo kwenye kiwiko, bado nakisikia kizuri mpaka leo.

Hapo Nuruana akafanya kosa la pekee alilofanya katika Tume nzima, kwa maoni yangu. Alisimama, akamwuliza mzee wa watu moja kwa moja, uso kwa uso, bila mimi: nani alimletea simba, na huyohuyo ndiye aliyeleta pembe ya Subira?

Mzee Bwijo hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo tangu azaliwe. Alifungua mdomo, ukabaki wazi. Macho yakageuka. Likaitwa gari la wagonjwa, likaja na daktari, likaja na mwanasheria. Wizara ikatangaza kwamba Mneemeka amejeruhiwa kwa swali, na Nuruana akaonywa: akirudia, Tume inavunjwa na mazishi yanafanyika keshoye. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza. Nilimwambia swali ni kama samaki, halipewi mtu na miiba yake. Yeye alikuwa amefumba macho.

*

Alikwenda kumwona mdogo wake gerezani, nami nikalazimika kumsindikiza, maana askari magereza naye ni ofisa na huwezi kumwuliza mlango uko wapi bila Mlainishaji. Sefania alikuja nyuma ya wavu. Alikuwa kijana mnene zamani, naona kwenye picha. Sasa shati lilikuwa linamning’inia.

Hakuuliza kesi yake imefikia wapi. Aliuliza kama Subira bado yuko kwenye barafu. Alisema Subira hapendi baridi, mvua zikianza yeye alikuwa anamwashia moto pembeni. Dada yake akamwambia avumilie, bado kuna mtu mmoja wa kuhojiwa. Sefania akacheka kidogo, akasema, “Dada, usijipendekeze kwa watu hao kwa ajili yangu.”

“Sijipendekezi,” Nuruana alisema. “Ila likihitajika nitajipendekeza.”

Nilitazama pembeni. Nilisikia uchungu, nami ni binadamu. Lakini nilijikumbusha kwamba uchungu haumo kwenye majukumu yangu.

Wiki hiyohiyo wenye kiwanda walilalamika kwamba samaki wao wanaharibika kwa kukosa nafasi ghalani. Jeneza nalo lilikuwa limekamilika, limepakwa vanishi, lina mishikio ya shaba. Wizara ikatangaza kwamba mahojiano yafuatayo ndiyo ya mwisho.

*

Mneemeka Makonga Tindwa ana viwanda vya saruji na hospitali ya wale wanaokohoa kwa ajili ya saruji. Ni mtu mchangamfu, mpole, ngozi laini. Alikuja mwenyewe kutufungulia lango, akamwita Nuruana dada, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema amesikia habari za kijana na zimemsikitisha. Mimi nilimpenda palepale.

Tulipoketi ikaletwa sinia. Juu yake kulikuwa na kikombe kimoja tu cha kahawa, kidogo, cha udongo mweupe, na juu ya kahawa unga wa kijivu unaelea. Nikanyoosha mkono kama kawaida yangu. Makonga akauzuia kwa upole.

“Nyumbani kwangu mgeni hunywa kwa mdomo wake,” alisema. “Dada, ukinywa hiki, nitakujibu utakachoniuliza. Tena niulize mwenyewe, huyu bwana apumzike.”

Nilikereka. Nimefanya kazi hii miaka, sijawahi kuambiwa nipumzike. Nuruana akamwuliza kuna nini ndani ya kikombe.

“Unajua kilichomo,” Makonga alimjibu.

Nuruana akanitazama mimi. Sijui alitaka nini kwangu. Nilitazama dari; ilikuwa dari nzuri, ya mbao nyekundu zilizopigwa msasa. Niliposhusha macho, alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka bila sauti. Akanywa chote, taratibu, kama mama anayeionja dawa chungu mbele ya mwanawe ili mtoto asiogope. Akaweka kikombe, akajifuta mdomo kwa kiganja.

“Nani alikuletea pembe ya Subira?”

“Waziri wenu, Kolongo,” alisema Makonga. Hakupunguza sauti. “Aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti, siku ya harusi ya binti yangu. Walinzi wake ndio waliomwua. Mdogo wako walimtuma mjini kwanza, kwa sababu walijua angesimama katikati.”

Nuruana akauliza swali ambalo halikuwa la lazima, nadhani ni ule ualimu wake: pembe ile inamponya nini?

“Haiponyi chochote,” Makonga alisema. “Ina ladha ya kucha. Madaktari wangu wote wameniambia, tena mimi ndiye ninayewalipa. Nimekunywa kwa sababu alikuwa wa mwisho. Wangekuwa wawili nisingejisumbua. Nilitaka niseme kwamba baada yangu hakuna mwingine atakayekunywa.” Akatabasamu, akakitazama kikombe. “Sasa naona nimekugawia wewe. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki.”

Nuruana akamwuliza kama atayarudia maneno hayo mahakamani. Makonga akasema ya nini, ameshayasema mbele ya ofisa wa serikali, na sheria haitaki zaidi ya hapo. Akaninyooshea kidole kwa heshima zote. Halafu akatusindikiza hadi langoni.

Ndani ya gari Nuruana alilia na kucheka kwa pamoja. Alinishika mkono, akaniita kaka, mara ya kwanza. “Umesikia, kaka Lubango? Umesikia jina?” Nikamwambia nimesikia. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimesikia vizuri sana. Akamwomba dereva asimame sokoni, akanunua shati la bluu la kumtoa nalo mdogo wake gerezani, akambishia muuzaji mpaka akapunguziwa, akarudi garini amelikumbatia. Njia nzima alikuwa anasema vitu vya kawaida tu, kwamba Sefania hupenda maharage ya nazi, kwamba itabidi ampunguzie suruali.

*

Waziri aliniita kesho yake. Watu husema Mheshimiwa Kolongo ni mkali, waongo. Alinikaribisha chai. Aliniuliza kama familia yangu haijambo, kama kiwiko kinaendelea vizuri, na kama najua kwamba kiti cha Mlainishaji Mkuu wa Taifa kimekuwa kitupu tangu aliyekikalia astaafu. Kuhusu Makonga hakugusia kabisa. Ila nilipokuwa nasimama kuondoka alisema, akitazama dirishani, kwamba wafadhili wamechoka kusubiri, wanataka kumwona mlaji kwa macho yao. Je, Tume imempata mlaji?

Nikamwambia nitafikiri. Nami nikafikiri.

Mahakama ilijaa. Wafadhili walikaa safu ya mbele, wamevaa vifaa vya tafsiri masikioni. Sefania alikuwa kizimbani. Waziri alikaa pembeni ya Jaji, kwa sababu kiti kilikuwa wazi. Makonga hakuja, alituma maua.

Nuruana alisimama akaeleza yote, kwa sauti ya kufundishia, kitu baada ya kitu, hadi akafika kwenye jina. Alilitaja. Ukumbi ukavuta pumzi. Jaji, mzee mpole, akamwuliza amejuaje kwamba unga ule ulikuwa pembe ya Brigedia na si tangawizi.

“Niliunywa,” alisema. “Sheria ilitaka ninywe ndipo anijibu.”

Jaji akavua miwani yake. Akaniita mimi, nikapanda kizimba cha mashahidi nikiwa na sare yangu iliyopigwa pasi. Akaniuliza, kwa adabu inayostahili ofisa, kama nilimsikia Mneemeka Makonga akizungumzia Wizara.

Nilimjibu kwamba nilimsikia Mneemeka akitambua mchango wa Mheshimiwa Waziri katika harusi ya binti yake.

Nuruana alisema kitu, sikukipata. Jaji akaniuliza tena: na huyu mwanamke, nilimwona akinywa? Hilo lilihusu mwananchi wa kawaida, na maswali yanayohusu wananchi wa kawaida hayalainishwi. Ilibidi nijibu hivyohivyo lilivyo.

“Nilimwona, Mheshimiwa Jaji. Alikunywa chote.”

Basi mambo yakanyooka yenyewe. Jaji alieleza kwa masikitiko kwamba kwa mujibu wa sheria mlaji hawezi kushuhudia dhidi ya mlaji mwenzake, kwa hiyo maneno ya mwanamke huyu hayapo. Kilichopo ni kwamba kaka aliua na dada akanywa. Tume ilitumwa kutafuta mnyororo kutoka porini hadi mezani, na sasa umepatikana wote, tena ndani ya familia moja. Tafsiri ilipofika kwenye masikio ya wafadhili, walitazamana, wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Msaada ulirejeshwa hapohapo ukumbini. Waziri akasimama akashukuru kwa niaba ya wanyama wote. Mazishi yakapangwa Jumamosi, na Jaji akaagiza kaburi la Brigedia lipanuliwe upande wa miguuni, liwatoshe watu wawili.

Sefania alipiga kelele mara moja, akiita jina la dada yake. Askari wakamkalisha.

Sheria yetu ni ya haki, kwa hiyo mshtakiwa mpya hupewa nafasi ya kumwuliza shahidi swali moja. Nuruana alisimama, ameshika ukingo wa kizimba. Nilitegemea atanitukana, na ningependa anitukane, ingenirahisishia. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mwanafunzi wake, nadhani, yule anayejua jibu na hataki kulisema.

“Kaka Lubango,” alisema, “katika nyumba zile zote tulizoingia mimi na wewe, ulikula nini?”

Mmoja wa wafadhili aligusa kifaa chake sikioni, kama anayeona tafsiri imechelewa. Lakini mimi ni ofisa wa serikali, na swali kwa ofisa ni lazima lipite kwa Mlainishaji. Jaji akauliza kama Mlainishaji yupo ukumbini. Nikanyoosha mkono.

Nilishuka kutoka kizimba cha mashahidi, nikatembea hadi alipokuwa Nuruana, nikalipokea swali lake. Nilisimama nalo kidogo, kwa sababu lilikuwa gumu kuliko yote niliyowahi kushika, na kwa sababu alikuwa karibu sana na niliisikia pumzi yake. Kisha nikarudi kizimbani, nikajigeukia, nikajiuliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kama Bwana Lubango anaendelea vizuri na afya yake.

Nikajibu kwamba nashukuru, naendelea vizuri.